Kilo Sitini na Sita

Kinasamwangwi kilikuwa na ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Hakikuwa na taa, hakikupiga kelele, na mtu asiyejua angekipita akidhani ni kipande cha plastiki kilichosahauliwa na mtengeneza boti. Lakini kikishafungwa chini ya boti, nyuma upande wa kulia, kilitoa sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu haliwezi kuipata. Sauti hiyo ilishuka majini, ikagonga kila kilichomo, ikarudi, na akili unde iliyokuwa ndani ya kifaa iliusoma mwangwi wake mara arobaini kwa sekunde. Ilijua sato ni yupi na sangara ni yupi. Ilijua urefu wa samaki kwa sentimita na uzito wake kwa kilo, na kama anapanda au anashuka. Ilitofautisha jiwe na chupa, na chupa tupu na chupa iliyojaa maji. Ukishusha boti asubuhi katika mwalo wa Nyamarebe, nje kidogo ya mji wa Musoma, kioo cha usukanini kilikuonyesha ziwa kana kwamba mtu amelivua nguo.

Nyangeta Mafuru alikuwa amefunga vinasamwangwi mia mbili na kumi na vinne kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na sita, fundi pekee wa kampuni ya Sautimaji katika upande ule wa ziwa, na alikuwa na ukali wa kazi ambao wavuvi walishauzoea. Hakukubali kupima boti ikiwa juu ya mchanga. Kila mwenye boti alilazimika kuishusha kwanza, aipakie nyavu, barafu na dumu la maji ya kunywa kama siku ya kazi, kisha Nyangeta aliingia majini na ovaroli yake akaizunguka boti nzima akichora kwa chaki ya nta mahali maji yalipofikia. Ndipo boti ilipovutwa nchi kavu, naye akafunga kifaa kwa kufuata ule mstari. Uso wa kinasamwangwi, alisema, unatakiwa ulale sambamba na maji. Ukiinama hata kidogo, unatazama ziwa kwa makengeza.

Kazi hiyo ilimla nusu siku. Sautimaji walitaka dakika arobaini. "Basi waje wafunge wenyewe," alikuwa akisema, na hawakuja.

Kifaa hicho kilikuwa na kazi ya pili, na ndiyo iliyobadilisha maisha ya Nyamarebe. Kiliitwa pia mlinzi. Mtu akianguka kutoka kwenye boti, mlinzi alitakiwa kuutambua mwili wake majini, kupiga king'ora, kuzima mota kubwa na kuirudisha boti pale alipo kwa mota ndogo ya akiba. Kwa sababu ya ahadi hiyo sheria ililegezwa. Boti ambayo zamani ilikwenda na watu wanne sasa iliruhusiwa kwenda na mmoja. Watatu walibaki nyumbani wakitafuta kazi nyingine, na yule mmoja alikwenda peke yake, akilindwa na nusu mche wa sabuni.

Siku kumi na moja zilizopita, Magesa, mdogo wake Nyangeta wa tumbo moja, alianguka majini. Mlinzi hakufanya lolote. Wavuvi wenzake waliikuta boti ikijiendea taratibu bila mtu, kioo kikiwaka vizuri. Mwili ulionekana siku ya tatu. Sautimaji walitoa tangazo la mistari minne likisema kwamba marehemu huenda alikuwa amelewa. Magesa alikuwa Msabato ambaye hata chai ya rangi hakuigusa.

Nyangeta alilisoma tangazo hilo msibani, amekaa kwenye mkeka kando ya wifi yake Bhoke, mke wa marehemu. Hakulia. Alilikunja mara nyingi mpaka likawa dogo kama kidonge, akalitia mfukoni, na tangu siku hiyo kila mara alipoingiza mkono mfukoni alilikuta humo.

Katika mwalo ule, ziwa likichukua mtu, hakuna boti inayoshuka kuvua mpaka matanga yaanuliwe. Matanga ya Magesa yalikuwa yaanuliwe jioni ya siku ya kumi na moja, na kesho yake boti zote zingerudi kazini na walinzi wao chini. Asubuhi ya siku hiyo ndipo kampuni ilipomtuma mtu.

Alikuja kwa bodaanga, ile ndege ndogo ya panga nne isiyo na rubani inayobeba abiria mmoja kama bodaboda. Ilimshusha mchangani katikati ya boti zilizovutwa juu, ikawarushia vumbi wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, viatu vyake vinang'aa, jina lake Injinia Lwitiko. Alitoa pole kwa adabu zote, kwa Nyangeta, kwa Bhoke na kwa Masatu, mwenyekiti wa mwalo. Kisha akaomba aonyeshwe boti.

Nyangeta alimpeleka. Lwitiko alipiga magoti kando ya boti ya Magesa, akatoa pimamaji kutoka kwenye mkoba wake, akaliegemeza kwenye uso wa kinasamwangwi. Kiputo kilikimbilia mwisho wa kioo. Akapima mara ya pili. Akaandika.

"Kimeinama nyuzi sita," alisema kwa upole, kama daktari anayempa mtu majibu mabaya. "Fundi, kwa nyuzi sita mlinzi haoni nyuma ya boti. Hiki ndicho chanzo."

Alikuwa na karatasi tayari. Hilo ndilo Nyangeta hakuweza kulisamehe hata baadaye. Karatasi ilikuwa imeshachapwa ofisini na maneno "ufungaji usiofuata maelekezo", jina la Nyangeta lipo, nafasi ya sahihi ipo, na imeachwa sehemu moja tu tupu ya kujaza idadi ya nyuzi. Lwitiko aliandika pale sita.

"Ukitia sahihi, faili linafungwa leo," alisema. "Kampuni haitakushtaki. Utapumzishwa kazi tu, na kesho watu wataendelea kuvua."

Nyangeta alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Aliitazama karatasi, akalitazama pimamaji, kisha akautazama mwalo wote ulivyoteremka kutoka kwenye vibanda hadi majini. Boti zote zilikuwa zimelala pale na pua zimeinuka, kama ambavyo zimelala siku zote tangu babu zake wavue hapo.

"Injinia," alisema, "unasimama wapi hapo?"

"Samahani?"

"Miguu yako. Imesimama juu ya nini?"

"Mchanga."

"Huo mchanga umelala au umeteremka?"

Lwitiko alitazama chini. Wanawake wa dagaa walianza kucheka, lakini halikuwa cheko zuri.

"Umepima ufuko wetu," Nyangeta alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Umetoka huko na ndege yako kuja kutuambia kwamba ufuko wa Nyamarebe umeinama nyuzi sita! Hata mbuzi wanajua! Halafu unataka nitie sahihi kwamba nimemuua ndugu yangu kwa sababu mchanga umeteremka?"

"Maelekezo ya kifaa yanasema tupime boti ikiwa imetulia..."

"Aliyeandika maelekezo yako hajawahi kuona boti ikivutwa mchangani. Aliandika kwa boti za bandarini. Masatu! Niitie watu tuishushe."

Masatu alisita. Matanga yalikuwa bado. Alikuwa mtu mnene, mwangalifu, ambaye hakupenda kuvunja desturi mbele ya wageni. Alimtazama Bhoke, na Bhoke akatikisa kichwa kukubali.

"Inashuka kupimwa," Masatu alitangaza kwa sauti ili wote wasikie. "Haiendi kuvua. Ishusheni."

Wanaume kumi waliisukuma boti ya Magesa hadi majini. Nyangeta aliipakia nyavu zile zile, dumu lile lile, na vipande vya barafu kutoka kibandani. Maji yalifika kwenye mstari wa chaki ya nta, mstari alioufuata alipokifunga kifaa kile miaka miwili iliyopita, bila kuzidi wala kupungua. Alimkabidhi Lwitiko pimamaji.

"Ingia ndani ukapime, sakafuni, pale kifaa kilipo kwa chini. Faiba ya sakafu na ya chini zimelala sawa, nilizipima mwenyewe kabla sijafunga."

Lwitiko alipanda botini na viatu vyake. Aliinama. Alipima mara mbili, kisha akaona aibu kuendelea kuinama.

"Kiputo kipo katikati," alisema.

"Sema kwa nguvu, wapo wasiosikia."

"Kipo katikati. Kifaa kimefungwa sawa."

Nyangeta hakufurahi. Kama kifaa hakikuinama, basi kilimwona Magesa. Na kama kilimwona, kwa nini hakikumrudia? Katika siku zile kumi na moja hakuwa ameliuliza swali hilo, kwa sababu usiku na mchana alikuwa akijiuliza kama mkono wake uliteleza. Sasa alijua mkono wake haukuteleza, na hasira ikabaki haina pa kukaa.

"Fungua kumbukumbu," alimwambia Lwitiko.

"Kumbukumbu za ajali ni mali ya kampuni. Siwezi kuzifungua bila idhini."

"Ufunguo unao?"

"Ninao, lakini..."

Wakati huo huo Bhoke, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alitoka kundini na nguo zake za msiba. Alitembea mchangani hadi kwenye bodaanga, akapanda, akakaa kwenye kiti cha abiria, akakunja mikono.

"Hii haitaruka," alisema, "mpaka niambiwe mume wangu alikufaje. Mkitaka nishusheni kwa nguvu, mbele ya watu, mjane."

Mwanamke mmoja wa dagaa akaenda akakaa kwenye panga la mbele. Mwingine akakaa la nyuma. Lwitiko aliwatazama, akamtazama Masatu aliyekuwa amegeukia upande wa ziwa kana kwamba anahesabu mawimbi. Akatoa ufunguo. Nyangeta alijua tangu hapo kwamba Lwitiko hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo lilizidi kumuudhi. Mtu mbaya angekuwa rahisi kumchukia.

Bhoke alishuka akaja. Watu walisogea wakaizunguka boti, maji yakiwafika magotini. Lwitiko aliifungua siku ile, akatafuta saa, na maneno yakaanza kupanda kwenye kioo cha usukanini. Nyangeta ndiye aliyeyasoma kwa sauti, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea.

"Saa mbili na dakika kumi na moja asubuhi. Sangara. Urefu, sentimita mia moja sitini na nane. Uzito, kilo sitini na sita. Nyuma ya boti, mita nne."

Alirudi juu akasoma tena. Alidhani amekosea mstari. Akaendelea.

"Saa mbili na dakika kumi na tatu. Sangara. Kilo sitini na sita. Mita tisa. Anafuata boti. Saa mbili na dakika kumi na sita. Ushauri: samaki mkubwa anafuata. Tupunguze mwendo? Hakuna jibu. Mwendo unaendelea."

"Kilo sitini na sita ndizo zake," Bhoke alisema. "Alipimwa zahanati mwezi uliopita. Kadi yake ninayo."

"Saa mbili na dakika ishirini na nne. Sangara yule yule. Mita sitini. Ushauri: samaki anachoka. Tupunguze mwendo? Hakuna jibu." Nyangeta alisogea karibu zaidi na kioo. "Saa mbili na nusu. Anashuka. Anashuka. Anashuka. Ametoka kwenye eneo la kuonekana."

Dakika kumi na tisa. Magesa alijua kuogelea vizuri, naye aliogelea dakika kumi na tisa nyuma ya boti yake, na boti ilimwona muda wote huo, ikampima, ikamhesabia kilo zake bila kukosea hata moja, ikatambua kwamba anachoka, na ikamuuliza mtu ambaye hayumo kama ipunguze mwendo. Ingepunguza, angeifikia.

Bhoke hakupiga yowe. Aliweka kiganja kwenye ukingo wa boti akawa anaupiga, polepole, tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

"Mbwa ninyi," Nyangeta alimwambia Lwitiko. "Mmetengeneza kitu kinachojua chupa tupu na chupa yenye maji, halafu hakimjui mtu?"

"Kilikuwa kinamjua," Lwitiko alisema.

"Kilikuwa?"

Kijana alijifuta uso. Alikuwa amepauka, na ilionekana wazi kwamba na yeye alikuwa akiyasoma yale maneno kwa mara ya kwanza. "Kilipotoka kiwandani kilimjua mtu vizuri sana. Lakini akili yake haikufungwa. Inaendelea kujifunza kwa watumiaji. Ikiwa na shaka inauliza, mtumiaji anajibu, na jibu linakuwa somo." Alibonyeza kioo, akafungua ukurasa mwingine. "Haya ndiyo majibu ya mwalo huu."

Kioo kilijaa mstari mmoja uliojirudia kutoka juu hadi chini, na alipokisogeza ukaendelea kujirudia. *Je, huyu ni mtu? Jibu: SAMAKI. Je, huyu ni mtu? Jibu: SAMAKI. Je, huyu ni mtu? Jibu: SAMAKI.*

"Mara elfu kumi na moja mia nne na mbili," Lwitiko alisema. "Kwa miaka miwili. Boti hii peke yake, mara mia tatu na kumi na mbili."

Wote walielewa kwa pamoja.

Wachuuzi wa Nyamarebe hawasubiri boti ifike ufukoni. Wanaingia majini hadi kifuani, beseni kichwani, wakakutane nayo huko huko, kwa maana anayeishika boti wa kwanza ndiye anayechagua samaki wa kwanza. Ndivyo ilivyo na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Vinasamwangwi vilipokuja, kila boti iliyokaribia ufuko ilikuta wanawake ishirini ndani ya maji, na mlinzi akapandwa na wazimu. King'ora kililia, mota ikazimika, boti ikaanza kujizungusha ili kuwaokoa wanawake ambao walikuwa wakiitukana. Kisha kioo kiliuliza, Je, huyu ni mtu? Kulikuwa na vitufe viwili. Ukibonyeza MTU, king'ora kiliendelea kulia. Ukibonyeza SAMAKI, kilinyamaza na mota ikawaka.

Wavuvi walikuja kumlalamikia fundi. Nyangeta alikumbuka siku yenyewe, hata mahali alipokuwa amekaa, kwenye kreti mbele ya kibanda cha barafu, akimenya muhogo. Magesa alikuwa miongoni mwao. Na yeye, fundi hodari asiyefunga kifaa bila kuchora mstari, aliwajibu bila hata kuinua macho: "Si mbonyeze Samaki? Itanyamaza." Walicheka. Baada ya hapo alilifanya kuwa sehemu ya mafunzo. Kila boti aliyoifungia kifaa, mwishoni, alimwambia mwenyewe: ukifika ufukoni ikikusumbua, bonyeza Samaki. Hata wanawake walilifanya utani. Mchuuzi akiishika boti alisema, haya, sangara wenu nimefika.

"Mimi," Nyangeta alisema.

"Wifi," Bhoke alimwita.

"Ni mimi niliyewafundisha. Magesa alijifunza kwangu."

"Wifi, nyamaza kwanza." Bhoke alimgeukia Lwitiko. Macho yake yalikuwa makavu na sauti imetulia kabisa. "Hayo majibu elfu kumi na moja, yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Makao makuu."

"Yakifika, kuna mtu anayasoma?"

Lwitiko aligeuza macho kwenye kioo. "Kuna taarifa ya kila mwezi."

"Ilisema nini?"

"Ilisema ving'ora vya Nyamarebe vimepungua kwa asilimia tisini na tisa. Ilisomwa kama mafanikio. Tulikuwa na malalamiko mengi kuhusu ving'ora, na huku vikanyamaza, basi..." Alimeza mate. "Somo la Nyamarebe lilitumwa kwenye mialo mingine. Ziwa zima."

"Mkatupa cheti," Masatu alisema taratibu. "Mwalo wa Mfano. Nimekitundika ukutani."

Alitoka majini bila kuaga, akaenda kwenye kibanda chake cha ofisi, akarudi na cheti kikiwa ndani ya fremu yake. Alikitazama mara ya mwisho, akakipigiza kwenye kichwa cha mota. Kioo cha fremu kilivunjika vipande vipande, na mtu mnene mwangalifu akasimama pale akitweta, damu ikimtoka kidoleni, hajui afanye nini na fremu iliyobaki mkononi.

Nyangeta aliichukua karatasi ya Lwitiko. Alikata maneno yaliyochapwa kwa mistari miwili iliyopitana, na kwa chaki ya nta akaandika juu yake kwa herufi kubwa: KIFAA KILIFUNGWA SAWA. KILIMWONA. SISI TULIKIFUNDISHA KUMWITA SAMAKI NA MIMI NDIYE NILIYEANZA. NINYI MLIJUA MKATUPA CHETI. Akatia sahihi. Aliirudisha pamoja na lile tangazo la ulevi lililokunjwa kama kidonge.

"Peleka vyote viwili. Sasa niambie, hii akili inarudishwaje?"

"Nikituma ombi leo, wataunda kamati..."

"Kesho boti zinashuka. Na huko kwingine zimeshashuka leo hii. Inarudishwaje?"

"Kama ilivyoharibika," Lwitiko alisema. "Kwa majibu. Kuna kitufe cha kusahihisha. Inabidi imwone mtu majini, iseme sangara, mtu aikatalie. Tena na tena. Akili ni moja, ikijifunza hapa inajifunza kote."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Masahihisho yana uzito kuliko majibu ya kawaida. Mamia mengi. Pengine maelfu."

Nyangeta alizitazama boti mia moja na kitu zilizolala mchangani. "Masatu, zishushe zote. Haziendi kuvua."

Masatu safari hii hakumtazama mtu yeyote. "Zishusheni!"

Nyangeta aliingia majini na ovaroli yake hadi kifuani, akasimama mita nne nyuma ya boti ya Magesa. Masatu alikuwa usukanini, kidole kimefungwa kitambaa. Mlinzi alisema kwa ile sauti yake tamu ya kike, sauti ya mhudumu wa hoteli: "Sangara. Kilo themanini na mbili."

"Themanini na mbili!" alisema mwanamke mmoja wa dagaa. "Fundi, msiba umekunenepesha." Akavua kanga ya begani, akaingia majini yeye mwenyewe. Wenzake wakafuata, mmoja mmoja, kisha wote, wale wale waliozoea kuingia na mabeseni, sasa mikono mitupu. Walijipanga nyuma ya boti na sauti tamu zikaanza kuwahesabu huku na huku. Sangara. Kilo hamsini na nne. Sangara. Kilo sabini. Na kwenye kila boti mvuvi alikuwa akibonyeza SAHIHISHA, kisha MTU, na wengine walibonyeza kwa nguvu kiasi kwamba Nyangeta aliwakemea wasivunje vioo.

Lwitiko alikuwa amesimama ufukoni, mkoba kifuani, karibu na bodaanga ambayo sasa haikuwa na mtu juu yake. Angeweza kuondoka.

"Injinia!" Nyangeta alipaza sauti. "Vua viatu."

Aliviweka juu ya mkoba, akaingia. Sangara, kilo sabini na moja. Alifumba macho aliposikia.

Walisimama majini asubuhi yote. Jua liliwachoma mabega, ngozi za vidole zikakunjamana, na mama mmoja mzito wa mwili alipozidiwa alitolewa nje akanywa uji akarudi. Nyangeta hakupumzika. Kila sauti ile iliposema sangara, aliisikia saa mbili na dakika kumi na moja, na hasira iliyokosa pa kukaa ilipata walau kitu cha kufanya. Hakuna aliyejua ni masahihisho mangapi yameshakwenda. Lwitiko aliacha kuhesabu yalipofika elfu tatu.

Bhoke aliingia wa mwisho, baada ya adhana ya adhuhuri kusikika kutoka mjini. Aliingia na nguo zake nyeusi za msiba, zikaelea kumzunguka. Alisogea mpaka nyuma ya boti ya mumewe, mita nne, akasimama akitazamana na ile sehemu ya nyuma ambayo Magesa alikuwa ameitazama ikimwacha.

Masatu alisubiri. Mlinzi alikawia. Kisha king'ora kililia kidogo, kama mtu anayesafisha koo, na ile sauti tamu ikauliza: "Je, huyu ni mtu?"

Mwalo mzima uligeuka kumtazama Bhoke. Lwitiko alianza kutabasamu, akaona nyuso za waliomzunguka, akaacha.

"Leo ndiyo inauliza," Bhoke alisema.

Masatu aliondoa mkono wake kwenye kioo. Nyangeta aliogelea hadi ubavuni mwa boti, akajivuta juu, akaingiza mkono wake mwenyewe, na akabonyeza MTU. King'ora kikalia kwa nguvu. Mota ikazimika. Boti ya Magesa ikageuka taratibu, ikamrudia Bhoke, ikasimama mbele yake, ikamngoja apande.